Hizo dawa zianzie kwa panya, mimi naafiki

Mhariri, salamu toka Masasi. Kuna maneno nayasikia sana hapa stendi, eti dawa mpya zinazojaribiwa kwa panya na sungura ni dawa za wanyama, mtu akipewa anadhulumiwa. Yananiuma maana mwaka juzi tumemzika shemeji yangu kwa fangasi ya ubongo.

Aliumwa kichwa wiki tatu, jua likimpiga anajifunika kanga usoni, shingo imekaza haigeuki. Zahanati tukapewa panadol na dawa mseto, nyumbani wengine washaanza kusema kuna mkono wa mtu. Kumbe ni kriptokoka, fangasi wa kwenye udongo na mavi ya njiwa, unamvuta na hewa tu, ila mtu ambaye kinga imeshushwa na ukimwi ndo anampanda mpaka kichwani.

Sasa shida ya ugonjwa huu ni kwamba ubongo una ukuta wake, dawa nyingi zikiwa kwenye damu hazipenyi. Inaweza kuua fangasi vizuri kabisa kwenye chupa ya maabara halafu kichwani isifike, na utajuaje wakati kichwa cha mgonjwa hukifungui? Panya anaambukizwa, anapewa dawa, baadae ubongo wake unasagwa unaoteshwa kwenye sahani wanahesabu fangasi waliobaki. Sungura yeye anatolewa maji ya mgongo mara kwa mara, wanaona wanavyopungua. Flukonazo, vidonge vya fangasi tunavyomeza leo, vilipita kwa sungura hao miaka ya 80. Hata amfoterisini, dawa ya dripu ya fangasi huyu, ile iliyofungwa kwenye mafuta ilipimwa kwanza kwa panya, ndo mwaka 2022 yakatoka majibu ya wagonjwa wa Malawi, Uganda, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini kwamba dozi moja kubwa pamoja na vidonge vya siku 14 inatosha kwa matibabu ya mwanzo, wakati amfoterisini ya zamani ni dripu kila siku na figo zinaumia.

Huruma kwa wanyama ninayo, wapewe dawa ya usingizi na wasitumike wengi bila sababu. Lakini bila wao, wa kwanza kujaribiwa dawa angekuwa shemeji.

Naomba gazeti lako limtafute daktari awaeleze watu haya kwa kirefu, na aseme wazi kwamba kutolewa maji ya mgongo sio kuuliwa, maana siku mbili nzima madaktari waliyataka wayapime na sisi ndugu ndo tuliokataa.

Msomaji wako, Masasi, Mtwara