Utingo wa Darajani na keneli yangu

Mwanakwerekwe, Unguja

Assalaam aleikum Khamis,

Vipi Wete, karafuu zimeshika? Mie mzima, ila wiki iliyopita nusura niitupe kompyuta barabarani.

Unaikumbuka ile programu yangu ya kufuatilia yanayopita ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux? Inasoma bafa (maghala ya muda) za ftrace, kifaa cha Linux cha kurekodi matukio ya keneli, kila prosesa na yake, kwenye faili la trace_pipe_raw. Kwanza inauliza keneli kwa amri ya poll: kuna kitu? Ikiambiwa kipo, inaita amri ya splice ikichukue. Basi ikawa inaambiwa kipo, halafu inaganda kwenye splice. Siku mbili nasaka kosa kwenye msimbo wangu! Nimeuandika upya mara tatu, na kila mara nikijiona mjinga zaidi.

Kumbe ni kama utingo pale Darajani. "Panda, panda, twaondoka!" Unakimbia, unakaa, kumbe dereva anangoja gari ijae nusu. Poll ilikuwa ikiita watu kwa tukio moja tu. Splice inafuata buffer_percent, yaani asilimia ya bafa inayotakiwa ijae kwanza, ambayo usipoigusa ni 50. Bafa ya kawaida ni kilobaiti 1408 kwa kila prosesa, yaani kurasa 350 hivi, kwa hiyo mpaka nusu yake zijae. Na mashine yangu ya majaribio haina shughuli yoyote. Ingejaa lini?

Steven Rostedt, mwenye ftrace mwenyewe, aliirekebisha Oktoba 2022, poll nayo ikawa inangoja kiwango kilekile. Imo kwenye toleo 6.1 la keneli. Mie nilikuwa na keneli ya nyuma ya hapo.

Kabla ya kubadilisha keneli nilijaribu kuandika 0 kwenye buffer_percent. Kuganda kuliisha, lakini wallahi sikuipenda: nafuatilia ratiba ya prosesa, na programu yangu ikiamka, kuamka kwenyewe ni tukio, linaandikwa, linaiamsha tena. Mbwa anafukuza mkia wake.

Sasa nina keneli mpya, buffer_percent nimeweka 5, na poll nimeipa sekunde moja tu ya kungoja, ikipita programu inaendelea na kazi nyingine. Mabaki ya mwisho nayachukua kwa amri ya kawaida ya kusoma, read, maana hiyo haingoji kiwango.

Ile kompyuta yako ya zamani andika uname -r, itakuonesha toleo la keneli, unitumie jibu. Kama iko nyuma ya 6.1 usiiguse, nikija Idi nataka tuone kama nayo inaganda.

Nisalimie mama.

Wako,
Suleiman