Mchezo wa ramani na dira uletwe mashuleni

Mhariri, salaam. Wikiendi nimeshiriki mashindano ya kukimbia kwa ramani na dira hapa Bagamoyo na aisee huu mchezo ni mtamu, watu hawaujui tu. Ramani unapewa pale pale unapoanza, sentimita 1 ni mita 40, unatafuta vituo vyenye kibendera cheupe na chungwa kwa mpangilio, ukiruka kimoja matokeo hayahesabiwi hata uwe na mbio vipi. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo kuna binti wa sekondari alisimama kidogo, akageuza ramani ielekee kaskazini, ndo akaondoka, wenye mbio zao wakapitiliza mpaka ufukweni! Maafisa michezo wa wilaya tunawaomba sana, leteni hii kitu mashuleni, haihitaji hata uwanja.

Mkimbiaji, Bagamoyo