Usitupe kile kifuko kidogo kinachokuja na probu

Kila osiloskopu mpya (skopu, mashine inayochora umbo la umeme kwenye skrini) inayotoka hapa dukani kwetu Kariakoo ina probu mbili au nne, yaani waya za kupimia, kwenye boksi, na kila probu imefungwa na kifuko chake cha nailoni. Ndani ya kifuko utakuta bisibisi ndogo ya plastiki, spiringi fupi kama ya kalamu, vipete vya rangi, na klipu yenye waya mweusi. Mafundi wengi huchukua klipu tu, vingine vinabaki kwenye boksi au vinatupwa. Baada ya wiki mbili tatu skopu inarudi mezani kwangu: "Mkuu, hii mashine inadanganya." Nikiipima, mara nyingi mashine naikuta nzima. Kinachodanganya ni probu, kwa jinsi ilivyowekwa au ilivyoshikwa.

Fundi mmoja wa sola aliniletea skopu iliyokuwa inasoma betri ya volti 12 kuwa volti 1.2. Alitaka pesa yake, na alikuwa na haki ya kukasirika, maana hakuna aliyemwonyesha. Shingoni mwa probu kuna swichi ndogo yenye alama 1X na 10X. Yake ilikuwa 10X, na menyu ya chaneli (ingizo ambalo probu imechomekwa) kwenye skopu ilikuwa bado 1X. Probu imegawa umeme kwa kumi, skopu haikuambiwa, ikaonyesha ilichopokea. Ukiweka kinyume chake, betri hiyohiyo utaisoma volti 120. Skopu haina namna ya kujua swichi ya probu za aina hii iko upande gani. Bonyeza kitufe cha chaneli, tafuta sehemu ya probu, weka namba inayofanana na swichi. Kisha gusa betri unayoijua kabla hujagusa kazi ya mteja.

Ushauri wangu: acha swichi kwenye 10X. Wapo mafundi wanaobandika selotepu juu yake isisogee, na naona ni busara. Skopu peke yake ina ukinzani wa megaomu 1. Kwenye 10X probu inaongeza rezista ya megaomu 9, kwa hiyo saketi unayoipima inabebeshwa megaomu 10, mzigo mwepesi kabisa. Kuna na uzito mwingine ambao hauonekani kwenye mita: kapasita ya waya wenyewe, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji. Kwenye 1X unaibebesha saketi takriban pikofaradi 100, kwenye 10X ni kama 15 tu. Ukigusa kristali inayotoa mapigo ya mikrokontrola (chipu inayoongoza kifaa) iliyofungiwa kapasita za pikofaradi 22 kwa probu ya 1X, kristali inaweza kusimama papo hapo. Umeondoa probu, inaamka. Wateja wameshanunua kristali mpya kwangu mara tatu kwa kosa hilo. Tena kwenye 1X probu nyingi hazipitishi vizuri zaidi ya megahezi 6, hata kama skopu yako imeandikwa 100. 1X naitumia pale tu ninapotafuta kitu kidogo sana, cha milivolti chache, kisicho na haraka.

Sasa ile bisibisi. Mbele ya skopu kuna vibati viwili vidogo vya chuma; kimoja kimechorewa wimbi la mraba, cha pili ni cha ethi. Hapo panatoka wimbi la kilohezi 1, mara nyingi la volti 3 au volti 5, na huandikwa pembeni. Ning'iniza ncha ya probu kwenye cha kwanza, klipu kwenye cha pili, swichi 10X. Weka volti 1 kwa kisanduku (mraba mmoja wa skrini) kwenda juu na mikrosekunde 200 kwa kisanduku kwenda pembeni; wimbi moja litachukua visanduku vitano. Tazama sehemu ya juu ya wimbi. Ikiwa bapa kama meza, probu iko sawa. Ikiwa pembe zimelegea na kuwa mviringo, au zimechomoza juu kama pembe za ng'ombe, tafuta kitundu chenye skrubu karibu na plagi ya probu (nyingine kiko kwenye mpini) na uzungushe taratibu mpaka inyooke. Bisibisi ni ya plastiki kwa sababu ya chuma, pamoja na mkono wako, inaongeza kapasita wakati unazungusha. Ukiiondoa tu, umbo linahama.

Sababu yake haina ugumu. Umeme wa DC na masafa ya chini unagawanywa na zile rezista mbili, 9 kwa 1. Masafa ya juu yanapita kwenye kapasita, nazo lazima zigawe kwa uwiano uleule, la sivyo kila wimbi lenye kingo kali litapotoshwa. Kapasita ya ndani ya skopu si sawa kwa kila mashine, wala kwa kila chaneli. Hiyo ndiyo kazi ya vipete vya rangi: probu iliyorekebishwa kwenye chaneli ya njano ibaki na kipete cha njano, irudi palepale kila siku. Usiponyoosha, utapima geti (mguu wa kuamrisha) ya mosfeti, ile transista ya kuwasha na kuzima umeme, kwenye pawa saplai ya tivii, uone imechomoza volti kadhaa juu ya inavyotakiwa, ubadilishe mosfeti isiyo na kosa. Mita ya kawaida haitakusaidia kugundua, kwa sababu kwenye DC probu inasoma sahihi kabisa.

Nije kwenye klipu. Hapa naomba usome polepole.

Ule waya mweusi si kama waya mweusi wa mita. Mita inaishi kwa betri yake, unaweza kuweka ncha zake popote. Klipu ya probu imeungwa na ganda la chuma la soketi ya mbele ya skopu, ganda limeungwa na bodi, bodi imeungwa na pini ya ethi ya plagi yako ya pini tatu, na hiyo inakwenda ardhini. Ukiibana klipu mahali, umepaunga mahali hapo na ardhi.

Chukua pawa saplai ya tivii. Umeme wa ukutani ni volti 230, kilele chake ni kama 325. Unaingia kwenye daraja la dayodi nne linalogeuza AC kuwa DC, unajaza ile kapasita kubwa iliyoandikwa volti 400 au 450. Fundi anaona hasi ya kapasita hiyo, anasema moyoni "hasi ni hasi", anabana klipu. Lakini hasi ile haiko sawa na ardhi. Kila laini (waya wenye moto) inapokwenda upande wa chini, dayodi inaifungulia, na hasi inavutwa nayo hadi karibu volti 325 chini ya nyutro. Nyutro na ardhi zimeungwa huko nje kwenye mfumo wa umeme. Ukibana, umepiga shoti kutoka laini, kupitia dayodi, klipu na skopu, mpaka ardhini. Fyuzi inakatika, dayodi zinapasuka, waya wa klipu unayeyuka, na ukiwa na bahati mbaya ingizo la skopu linaondoka nalo.

Kijana mmoja alikuja hapa na probu iliyoungua hivyo. Alinisalimia shikamoo, akaniambia ameshapata dawa: amekata pini ya ethi ya skopu, sasa haipigi shoti tena. Nilimwomba aende kuirudisha siku ileile, na nakuomba na wewe kama umefanya hivyo. Ukikata ethi, shoti haitokei kwa sababu mwili mzima wa skopu sasa umepanda volti pamoja na ile hasi. Soketi za mbele, skrubu za nyuma, ganda la yuesibii, vyote vina umeme wa kuua, na mkono wako ndio unaovigusa. Hata adapta ya pini mbili inafanya vilevile. Nimeona nyumba nyingi ambazo soketi ina tundu la ethi lakini nyuma hakuna waya. Pima kabla: laini na ethi zisome karibu 230, nyutro na ethi zisome karibu sifuri. Ukigusa chuma cha skopu na vidole vikawashawasha, ethi yako haipo.

Njia sahihi ni kuitenga tivii na kuacha skopu kwenye ethi yake. Tafuta transfoma ya kutenganisha, 230 kuingia na 230 kutoka, uchomeke tivii humo. Angalia sana usiuziwe kitu kingine. Stebilaiza nyingi tulizonazo majumbani, na zile transfoma za kuzungusha za kupandisha na kushusha volti, zina koili moja inayoungana upande wa kuingia na wa kutoka; hazitenganishi chochote. Chomoa kwenye umeme, weka mita kwenye omu, pima kati ya pini za kuingia na tundu za kutoka. Ikisoma njia, hiyo haifai kwa kazi hii. Na hata ukiwa na transfoma sahihi, jua kwamba baada ya kubana klipu sehemu ile ya bodi imekuwa ardhi, kwa hiyo sehemu nyingine za bodi zina volti mia tatu dhidi ya mwili wako. Fanya kazi kwa mkono mmoja, bana probu umeme ukiwa umezimwa, ukishazima subiri kapasita iishe na uihakikishe kwa mita.

Asiye na transfoma atumie probu mbili. Zote 10X, zote volti sawa kwa kisanduku, klipu zote ziondolewe kwenye bodi. Ncha moja hapa, ncha ya pili pale, kisha kwenye menyu ya hesabu uchague chaneli ya kwanza kutoa ya pili. Mstari unaotokea ni tofauti ya pointi mbili, na hakuna kilichoungwa na ardhi. Soma kwanza kiwango cha volti kilichoandikwa kwenye probu na kwenye soketi ya skopu. Tofauti ndogo haitaonekana vizuri kwa njia hii, ila kwa kuona kama mosfeti inawashwa au la, inatosha. Kama kazi yako ya kila siku ni inveta na mashine za kuchomelea, weka akiba ununue probu ya tofauti, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Bei yake inauma, lakini mosfeti zinazoungua nazo zina bei.

Kuna mtego mwingine ambao ulinipata mwenyewe kwenye inveta ya sola. Inveta ilikuwa kwenye betri tu, haina ethi wala umeme wa ukutani, nikaona niko salama. Nikabana klipu ya probu ya kwanza kwenye hasi ya betri, klipu ya pili nikaibana katikati ya mosfeti mbili ili nione geti ya juu. Magamba ya soketi zote za skopu yameungana ndani. Klipu mbili ni waya mmoja. Nilikuwa nimeunga hasi na katikati ya mosfeti hizo, na mosfeti ya juu ilipowashwa iliondoka na ya pembeni yake. Tangu siku hiyo nikitumia probu mbili kwenye saketi moja, klipu zote zinakaa pointi moja, au natumia moja tu.

Skopu ndogo za mkononi zenye betri zinapunguza tatizo la ardhi, kwa masharti mawili: usiichaji wakati unapima, na usiunganishe yuesibii kwenye kompyuta iliyo kwenye chaja. Vilevile soma kiwango chake cha volti na usiguse chuma chake wakati klipu iko kwenye upande wenye moto.

Ile spiringi ya kwenye kifuko ni ya kupata kipimo kisafi. Mteja anapima mtikisiko kwenye toleo la volti 12, anaona sindano (michomozo mikali ya ghafla) za nusu volti, anabadilisha kapasita zote, sindano ziko palepale. Waya wa klipu wenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 pamoja na probu unafanya kitanzi, kama antena, kinachonasa kelele za transfoma iliyo karibu. Toa kofia yenye ndoano, vua klipu, vika spiringi kwenye pete ya chuma iliyo nyuma ya ncha, uguse kapasita ya kutoka moja kwa moja, ncha kwenye chanya na spiringi kwenye hasi. Weka chaneli kwenye AC, washa kikomo cha masafa cha megahezi 20 kama skopu yako inacho. Mara nyingi sindano zinapungua sana, na zinazobaki ndizo za kweli. Hii ni kwa upande wa pili wa transfoma ya ndani ya pawa saplai tu, ule uliotengwa na umeme wa ukutani.

Kuhusu picha inayokimbia skrini nzima, hilo ni suala la triga, yaani sehemu inayoiambia skopu lini ianze kuchora. Chagua chaneli unayoitumia kweli, kisha zungusha kiwango mpaka mshale ukae katikati ya urefu wa wimbi. Tektronix ya Marekani ilijipatia jina kwa skopu yake ya 511, mwaka 1947, kwa sababu hasa ya triga iliyotulia, na mpaka leo ndicho kitufe ambacho wengi hawakigusi. Kitufe cha Auto kinasaidia siku ya kwanza. Kwa pawa saplai inayowaka na kuzima, tumia Single: inasubiri tukio moja, inalikamata, inaliacha kwenye skrini ulitazame.

Ukija dukani kuomba tukuangalizie, njoo na skopu yako pamoja na probu zako zote na vile vifuko kama bado unavyo. Kurekebisha na kukuonyesha ni dakika kumi, hatulipishi. Usije na probu peke yake, kwa sababu nikiinyoosha kwenye skopu yangu hapa, ukifika kwako itakuwa imepinda tena.