Wagonjwa wa kifua kikuu wanahitaji katuni, si mabango pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wachoraji wetu wa katuni na wahusika wa elimu ya afya wakae meza moja.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Tanga, na nafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu walioanza dozi. Dozi ya kawaida ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa aina nne, minne inayofuata aina mbili. Bango la zahanati linasema umeze kila siku hadi umalize. Ni kweli kabisa. Lakini bango ni picha moja, na yanayomshinda mgonjwa yanamkuta nyumbani, siku baada ya siku, bango likiwa limebaki ukutani.

Chukua rifampisini. Dawa hii hugeuza mkojo ukawa na rangi ya chungwa, hata jasho na machozi. Rangi hiyo haina madhara. Kijana mmoja niliyemfuatilia hakuwa ameambiwa. Alikwenda chooni usiku, akamulika kwa tochi ya simu, akaona wekundu, akajua ni damu. Asubuhi vidonge vikaishia chini ya godoro, na hakumwambia hata mama yake. Habari hiyo inatosha visanduku vinne vya katuni: tochi, uso wenye hofu, mlango wa zahanati, nesi akimwambia, "Ni dawa hiyo, mwanangu, endelea kumeza." Hata asiyesoma vizuri ataelewa.

Kuna na mwezi wa pili au wa tatu, kikohozi kimekata, mwili umerudi, mtu amepanda bodaboda yake anatafuta riziki na dawa haoni tena kazi yake. Vimelea bado vimo, na akiacha hapo vinaweza kurudi vikiwa sugu. Kuna na sahani inayotengwa jikoni, ilhali TB huenea kwa hewa, si kwa vyombo. Mchoraji hodari atauonyesha uso wa anayekula peke yake, na familia itajiona yenyewe bila kuhubiriwa.

Katuni si ngeni kwetu. Sani, jarida letu la katuni, tuliisoma ikipita mkono kwa mkono hadi karatasi zikachanika. Kenya wana Shujaaz, katuni iliyoanza kugawiwa bure kwa vijana mwaka 2010. Huko Uingereza daktari Ian Williams, ambaye mwenyewe ni mchoraji, amekuwa akiitetea kazi hii ya kusimulia ugonjwa kwa katuni tangu 2007, na jarida la kitabibu la Marekani, Annals of Internal Medicine, huchapisha katuni za madaktari na wagonjwa.

Nisichokitaka ni katuni ambayo daktari anasema ukurasa mzima na mgonjwa anaitikia kwa kichwa. Hilo ni bango lililokatwa vipande. Mchoraji aje kliniki siku ya kuchukua dawa, akae kwenye benchi, asikilize. Mgonjwa aisome kazi kabla haijachapwa, na sura na jina lake vibadilishwe, maana unyanyapaa bado upo. Na mchoraji alipwe, asiambiwe anajitolea.

Mhariri, gazeti lako lina wachoraji tayari. Ukitenga robo ukurasa kila wiki, wagonjwa waliomaliza dozi na wako radhi kusimulia wapo, nami nitakuwa tayari kuwaunganisha.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Tanga