Barua kwa Binti Yangu Aliyechaguliwa Mwakilishi wa Wafanyakazi

Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima. Mama yako ameniarifu kwamba wenzako wa shamba la maua huko Naivasha wamekuchagua kuwa mwakilishi wao katika chama cha wafanyakazi. Nilifurahi, ingawa usingizi ulinipaa usiku huo, kwa kuwa kazi hiyo naifahamu tangu nilipokuwa katibu wa tawi la wafanyakazi wa mashambani.

Najua utaambiwa habari za Tom Mboya, yule kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na ufasaha wake. Mimi ninachokumbuka ni mgomo wa makuli wa Mombasa mwaka 1955, ambapo aliwashawishi warudi kazini kwanza, kisha akaketi na hesabu za mishahara na kuwatetea mbele ya msuluhishi mpaka wakaongezwa. Laiti ningeuzingatia mfano huo mapema.

Mwaka 2011, mwajiri mmoja alipokataa kuwalipa watu wetu saa za ziada, niliwaambia waweke zana chini siku iyo hiyo. Haki ya kugoma imo katika Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010, nami nilikuwa nimekikariri. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, inayotaka mgogoro upelekwe kwanza kwenye usuluhishi na kisha itolewe notisi ya maandishi ya siku 7, sikuwa nimeisoma hadi mwisho. Mgomo wetu ukawa haramu, na watu 11 wakafutwa kazi. Mimi sikufutwa, maana mshahara wangu ulitoka chamani.

Hukuwahi kuelezwa kwa nini Jumapili zako za utotoni nilizitumia nje ya nyumba. Nilikuwa nikizunguka mitaa ya Kaptembwo na Rhonda hapa Nakuru, nyumba kwa nyumba, nikiwatafuta hao 11: huyu nimwombee kibarua, yule nimpeleke ofisi ya leba, mwingine nichangishe karo ya mtoto wake. Baadaye majirani wakaanza kuniletea hati zao za mshahara niwasomee makato, tukawa tunakutana kanisani baada ya ibada, na wengi wakagundua kwamba fedha za NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, zilikatwa bila kuwasilishwa. Siku nilipostaafu nilisifiwa kwa kuitumikia jamii. Nilipokea sifa hizo nikiinamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Jambo moja ulishike: michango ya matanga na harambee iwe na daftari lake, na fedha za chama zisiguswe hata kwa jeneza la rafiki yako. Utaitwa mchoyo. Vumilia, kwani atakayekuita mchoyo leo ndiye atakayedai hesabu kesho, tena mbele ya watu. Malalamiko nayo yaandike siku hiyo hiyo, pamoja na tarehe na jina la msimamizi aliyehusika, hata kama mlalamikaji anasema si neno.

Nimempa dereva wa matatu kaunta buku yangu akuletee. Ukurasa wa mwanzo una majina 11. 10 nimeyapigia mstari baada ya kila mmoja kupata kazi au kulipwa haki yake. Jina lililobaki ni la mtu ambaye nasikia anaishi Gilgil. Magoti yangu hayaniruhusu tena safari za kubahatisha. Ukipita huko, muulizie.

Ni mimi baba yako.