Tuachieni tupotee wenyewe kwenye hizo RPG mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nitoe ya moyoni kuhusu gemu za kompyuta, hasa hizi RPG (gemu za kuigiza mhusika unayemkuza mwenyewe) za fantasia za mtindo wa zamani ambazo siku hizi hazikauki kutangazwa. Trela ikitoka unaona kamera inaangalia kwa juu kama enzi za miaka ya 90, unaona magofu, msitu, mifupa inatembea na mapanga, kwaya inaimba taratibu, alaf maandishi yanakuja kwamba hii ni kwa ajili ya mashabiki wa enzi zile. Tunashukuru kukumbukwa, kweli kabisa, ila ukikaa nayo jioni moja unakuta walichochukua toka zamani ni sura tu, ndani ni gemu ileile ya kisasa inayokuongoza kwa mkono toka mlango wa kwanza mpaka bosi wa mwisho.

Mimi naona tunachodai mashabiki, hata pale tunapobishana wenyewe kwa wenyewe, ni kitu kimoja, mchezaji aaminiwe. Aaminiwe kwamba anaweza kusoma, anaweza kukumbuka alichoambiwa, anaweza kupotea akajirudisha njiani, na anaweza kufanya uamuzi mbaya akaishi nao.

Nitoe mfano ambao wengi wanaujua, Morrowind ya 2002. Unashushwa kwenye meli pale Seyda Neen, unapewa kifurushi, unaambiwa kipeleke mji wa Balmora kwa jamaa anaitwa Caius Cosades, na kama hujui anapokaa kaulizie kwenye baa ya South Wall. Basi, imeisha hiyo. Hakuna mshale wa kukuonyesha njia, hakuna nukta inayowaka kwenye ramani, una miguu yako na vibao vya barabarani na midomo ya watu. Na ukishafika mwenyewe kwa kuuliza uliza, Balmora inakuwa mji unaoujua, miaka inapita bado unakumbuka mto umepita wapi na nyumba ya Caius iko upande gani. Mwaka 2006 studio hiyohiyo, Bethesda, ikatoa Oblivion na dira yenye alama inayokupeleka mpaka mlangoni kwa unayemtafuta, na toka hapo karibu kila gemu kubwa ikafata. Oblivion niliipenda, ila niulize njia ya kwenda popote mle ndani, siijui, kwa sababu macho yalikuwa kwenye ile alama muda wote.

Watu wanasema si uizime tu kwenye setingi kama huipendi. Haisaidii, na hapa ndipo watengenezaji wengi hawatuelewi. Mshale ukishakuwepo mwandishi wa gemu hana tena sababu ya kuandika maelekezo, anayekupa kazi anakwambia tu nenda kaniletee pete yangu iko pangoni, pango gani hasemi, liko upande gani hasemi, kwa sababu mshale unajua. Ukiuzima unabaki mikono mitupu. Ndio maana hili ni jambo la kuamuliwa siku ya kwanza kabla hata mchoro wa ramani haujaanza, sio kitufe cha kuongeza mwishoni ili kutufurahisha wazee. (Na kweli baadhi ya maelekezo ya Morrowind yalikuwa na makosa, hilo lirekebishwe jamani, kupotea kwa kosa la mwandishi hakuna raha yoyote.)

Kuaminiwa sio kwenye njia tu. Turudi nyuma zaidi, 1985, Ultima IV ya Richard Garriott. Mle kuna wauzaji vipofu wa vile viungo vya uchawi, ukinunua unahesabu pesa mwenyewe unaweka mezani. Ukimpunja yule kipofu hakuna king'ora, hakuna ujumbe kwenye skrini, unaondoka na mzigo wako unaona umeula. Kumbe gemu inakuandika kimyakimya, na mle lengo lenyewe ni kukamilisha fadhila nane, hakuna mchawi mkuu wa kumuua mwishoni, sasa siku unaenda kutafuta fadhila ya ukweli ndio unaambiwa bado sana. Hiyo iko kwenye kompyuta ambayo memori yake yote haifiki hata picha moja ya simu ya leo. Alaf leo, na nguvu zote hizi za mashine, chaguo likija linakuja na rangi kabisa, hili la wema hili la ubaya, na kona ya skrini inakuandikia palepale fulani amefurahi fulani amekasirika, unaacha kufikiria kilicho sahihi unaanza kufikiria pointi.

Wenzio wa safari ndio kabisa, hapo naweza kuandika gazeti zima. Baldur's Gate ya 1998 inakuruhusu kikosi cha watu sita na wale watu wana ajenda zao. Edwin anakubali kukufata kwa sharti umsaidie kumuua Dynaheir, Minsc nae anakuomba umsaidie kumuokoa mwanamke huyohuyo Dynaheir, sasa ukijifanya mjanja ukawachukua wote jua kuna siku watakatana mapanga mbele yako na gemu haitakuzuia. Ukiwa mtu mwema sana sifa zako zikapanda, wale wabaya kikosini wananung'unika mwisho wanaondoka zao, na vitu ulivyowavalisha wanaondoka navyo. Kwenye ya pili, ya 2000, Keldorn ambae ni askari wa dini na Viconia ambae ni drow, kabila la chini ya ardhi linaloogopwa kwa uovu, hawakai zizi moja, utachagua. Hicho ndicho tunachokililia tukisema wenza wenye uhai. Saivi kwenye gemu nyingi wenza wote wanakusubiri kambini kama wafanyakazi wanaosubiri zamu, kila mmoja na misheni yake moja na siri yake moja ya utotoni, unawapa zawadi wanakupenda, hata ufanye unyama gani hawaondoki kwa sababu studio inaogopa utakosa kontenti iliyolipiwa. Tukose jamani! Mtu akikosa kitu kwa uamuzi wake ndio anarudia gemu kwa mara ya pili na ya tatu, na hizo gemu za zamani tunazirudia mpaka leo kwa sababu hiyo.

Alaf hili la maadui kupanda leveli na wewe, mliache. Oblivion ukifika leveli za juu hata vibaka wa barabarani wanavaa silaha za kioo za bei mbaya, unajiuliza kwanini wanaiba. Dunia iwe na sehemu ngumu na sehemu rahisi bila kujali mimi ni nani. Yule joka mwekundu Firkraag wa Baldur's Gate II unaweza kumfikia mapema kabisa, akakuongelesha kwa dharau, na ukiwa na akili unageuza unaondoka na hasira zako, unarudi baadae sana ukiwa umejipanga. Ile siku ya kurudi hainunuliki.

Sasa nisieleweke kwamba kila cha zamani kilikuwa dhahabu, maana kuna wenzangu wanataka mpaka maumivu yarudi. Ile hesabu ya THAC0, ya kujua kama pigo limempata adui, ambapo namba ya kinga yako ikishuka ndio umekuwa mgumu kupigwa, hapana, hata wenye mchezo wa mezani zilikotoka sheria hizo, Dungeons & Dragons waliiacha mwaka 2000. Mchawi wa leveli ya kwanza mwenye uhai wa nne anayekufa kwa jiwe moja la kombeo, hapana. Kubeba mishale rundo kwa rundo na kupanga mizigo kwenye viboksi nusu saa, hapana. Wenza wanaogongana mlangoni na mmoja anazunguka ramani nzima kwa sababu njia imezibwa na mwenzie, hapana kabisa. Ugumu tunaoutaka ni wa kufikiri, huo wa kupambana na mausi ya kompyuta mbakie nao. Ila namba zionekane. Nikirusha panga nikakosa niambiwe nimekosa kwanini, dadu imesema ngapi na nilitakiwa kupata ngapi, zile gemu zilikuwa na kidirisha cha maandishi chini kinaeleza yote na ukikisoma unajifunza mchezo mwenyewe bila somo refu la mwanzo.

Kwenye vita mashabiki tumegawanyika toka zamani, kuna wa zamu kwa zamu na kuna wa kupigana moja kwa moja huku unasimamisha kutoa amri. Mimi ni wa zamu, na baada ya Baldur's Gate 3 ya studio ya Larian mwaka 2023 hakuna tena wa kusema zamu haiuzi. Lakini ombi langu ni wachague moja waijenge vizuri. Pillars of Eternity II ilitoka 2018 na vita vya moja kwa moja, 2019 wakaongeza zamu, nia nzuri kabisa, ila mapambano yalishapangwa kwa mfumo wa kwanza, madogo madogo kibao, na kwa zamu yakawa yanachosha mpaka unakwepa vita kwenye gemu ya vita.

Kuhusu sauti najua nitapingwa. Baldur's Gate 3 karibu kila neno la wahusika unaoongea nao limeigizwa na waigizaji ni wazuri mno, sina neno, ila ile ni pesa ya studio kubwa sana na miaka mingi ya kazi. Studio ndogo ikitaka kufanya vile, kila sentensi inakuwa gharama, na mwandishi anaanza kukata majibu, yale kumi yanakuwa matatu, na matatu yenyewe yanaishia sehemu moja. Planescape: Torment ya 1999 sehemu kubwa ni kusoma, na mle unaweza kumalizana na adui wa mwisho kwa maneno bila kupigana nae, kama ulijenga mtu wa akili na busara. Arcanum ya 2001 ukimtengeneza mtu mwenye akili ndogo basi anaongea kama alivyo gemu nzima, na watu wanamjibu hivohivo. Vitu vya namna hiyo vinawezekana maandishi yakiwa rahisi kuongeza. Tupeni sauti kwenye salamu na kelele za vitani, kwingine tutasoma, sisi kusoma hatuogopi.

Na pesa tukiombwa tutatoa. Mwaka 2012 watu zaidi ya elfu 70 walichangia Pillars of Eternity kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa, karibu dola milioni 4, gemu haipo hata, ni ahadi na michoro. Sasa waliochangia pesa nyingi waliruhusiwa kuweka wahusika wao mle ndani, na ikatoka 2015 miji imejaa watu wenye majina ya rangi ya dhahabu na vistori virefu ambavyo haviingiliani na chochote. Mimi nasema zawadi nyingine zote sawa, fulana, ramani ya kitambaa kama zile Ultima zilivyokuja nazo, kitabu cha sheria cha kushika mkononi, ila nafasi ndani ya dunia ya gemu isiuzwe.

Mwisho kabisa iwe imekamilika siku inayotoka. Pathfinder: Kingmaker ya 2018 ina mambo mengi sana tunayoyataka, kikosi cha sita, sheria nzito, dunia isiyokusubiri, na wengi walikata tamaa wiki za kwanza kwa mabagi, yani makosa ya programu. Temple of Elemental Evil ya studio ya Troika ya 2003 ina vita vya zamu ambavyo mimi bado naviweka juu kabisa, na ilitoka na makosa mengi kiasi kwamba mashabiki wenyewe, kundi la Circle of Eight, ndio walikuja kuirekebisha kwa miaka mingi Troika ikiwa imeshafungwa toka 2005. Kwa hiyo pamoja na gemu tupeni na vifaa vya kuifungua. Maneno ya Baldur's Gate yako kwenye faili moja, dialog.tlk, na kwa ajili hiyo watu waliweza kuitafsiri kwa lugha ambazo studio haikuzifikiria na kuongeza wenza wapya na misheni mpya mpaka leo hii. Studio yoyote inayotengeneza RPG saivi iweke maandishi yake wazi namna hiyo toka mwanzo, haiwagharimu sana, na ikiwa gemu nzuri kazi ya kuitunza tutaifanya sisi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpenzi wa RPG za zamani