Shangazi, ule mkono haukuwa na jini

Shikamoo shangazi. Naandika huku hadharani maana kwenye simu ukisikia neno sindano ya kisukari tu unaanza kuniuliza watoto wameshakula, na jina lako sijalitaja kwahiyo usininunie.

Hivi unaikumbuka ile asubuhi mkono wa kushoto ulipoanza kujirusha wenyewe, mara kama unafukuza nzi mara kama uko ngomani, kikombe cha chai kikaenda chini, ukaamua uukalie kabisa usionekane, mguu nao ukaanza kupigapiga sakafu. Ukilala, kimya. Hapo ndo majirani wakapata la kusema, ana jini huyo, mwingine eti unajifanya, mbona akisinzia haumsumbui? Kumbe mitikisiko hii ndo ilivyo, usingizi ukikuchukua nayo inaacha. Zahanati ya kwanza wakasema kiharusi, wakatupa vidonge turudi nyumbani, hata kidole hawakutoboa kupima sukari, hilo mi limenikaa rohoni mpaka leo.

Hospitali ya pili nesi akatoboa kidole, mashine haikutoa namba, ikaandika HI, yaani sukari imepita inapoweza kusoma, na mashine nyingi zinafika kama 33 hivi kwa kipimo cha mmol/L. Skani nayo ikaonyesha doa jeupe upande wa kulia ndani kabisa ya ubongo, pale panapoongoza mwendo wa viungo, na si unajua ubongo wa kulia ndo unashika mkono wa kushoto. Daktari akasema hii inawapata zaidi wakina mama watu wazima, tena wengine siku hiyo ndo wanajua wana kisukari, kama wewe.

Ukachomwa insulini, ukapewa na vidonge vya kutuliza ule mkono, wiki ya tatu nikakukuta unakuna nazi.

Sasa nasikia sindano umeacha tangu mwezi uliopita eti mkono umepona. Shangazi jamani, mkono ulitulia kwa sababu sukari ilishuka, ikipanda tena unaweza kurudi vilevile. Na ile mizizi ya jirani iweke pembeni kwanza, sijasema uitupe.

Jumamosi nakuja na vijiti vya kupimia, tutaanza na kidole changu maana najua utasema inauma. Na ile soda ya nyuma ya ndoo ya unga naijua.